Ultimeti haikosi msisimko, inakosa wenye kuumia

Mpira ukishapigwa, mtazamaji mzoefu anajua mapema utaangukia wapi. Kisahani cha ultimeti, kile cha plastiki kinachorushwa kwa mkono na wengi hukiita frisbee, hakimpi mtu uhakika huo. Kikirushwa mbali kuelekea eneo la bao kinapaa, kinapunguza mwendo, kinaning'inia hewani, na upepo mdogo tu unatosha kukisogeza pembeni hatua kadhaa. Chini yake wanakimbia mshambuliaji mmoja na mabeki wawili, na wote watatu wana muda wa kukifikia. Hapo ndipo mtu anaporuka juu ya mabega ya mwenzake, au anapojitupa mlalo juu ya nyasi na kukidaka kabla tu hakijagusa ardhi. Ni michezo michache ya timu inayomshikisha mtazamaji pumzi kwa muda mrefu hivyo kwa tukio moja.

Kwa nini basi mchezo wenye utamu wa namna hii, uliokwisha kuvuka nusu karne, bado unachezwa mbele ya viti vitupu?

Ugumu wa sheria si sababu. Ultimeti inaeleweka kwa dakika chache. Timu mbili za watu saba saba, uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho una eneo la bao lenye kina cha mita 18. Aliyeshika kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Anasimama, anazungusha mguu mmoja, anatafuta wa kumpa, huku beki aliye mbele yake akihesabu kwa sauti hadi kumi. Kikianguka, kikitoka nje au kikidakwa na mpinzani, zamu imegeuka. Kikidakwa ndani ya eneo la bao, ni pointi. Wa kwanza kufika 15 kwa kawaida ndiye mshindi. Na hakuna refa, jambo nitakalolirudia kwa kirefu kwa sababu ndilo linalogawanya hata wapenzi wa mchezo wenyewe.

Umri nao si sababu. Mchezo ulianzia mwaka 1968 katika shule ya sekondari ya Columbia huko Maplewood, New Jersey, ukachezwa usiku na vijana kwenye eneo la kuegesha magari. Mmoja wao, Joel Silver, baadaye alikuja kuwa mtayarishaji mkubwa wa filamu Hollywood. Mwaka 1972 vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vilicheza mechi ya kwanza ya ultimeti kati ya vyuo, Rutgers ikashinda 29 kwa 27. Siku hiyo ilitimia miaka 103 tangu vyuo hivyohivyo vikutane katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kandanda ya Kimarekani. Hawakuichagua tarehe hiyo kwa bahati. Vijana wale waliamini kwa dhati kwamba wanaweka msingi wa mchezo mkubwa ujao wa taifa lao.

Nyaraka za kimataifa pia zipo. Shirikisho la dunia, WFDF, liliundwa mwaka 1985 na leo lina vyama vya nchi zaidi ya 100. Tangu mwaka 2001 mjini Akita, Japani, ultimeti imo katika World Games, mashindano ya dunia ya michezo isiyo kwenye Olimpiki. Mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho hilo rasmi. WFDF likaandaa hata mchezo wa wanne kwa wanne, mfupi na wa gharama nafuu, likitarajia kuingia Los Angeles 2028. Oktoba 2023 orodha ya michezo iliyoongezwa ikatoka: kriketi, skwoshi, lakrosi, kandanda ya Kimarekani ya vibendera, na besiboli pamoja na softiboli. Kisahani hakikuwamo. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona mantiki yake. Kriketi inaleta mamia ya mamilioni ya watazamaji wa Asia ya Kusini, na kandanda ya vibendera inabeba nguvu ya ligi tajiri kuliko zote Marekani. Waandaaji hawakuuliza mchezo upi ni mzuri. Waliuliza nani atakuja na watu wake.

Ultimeti haina watu wa kuja nao, zaidi ya wachezaji wake.

Wapenzi wa mchezo huu wana jibu lao la siku zote: watu hawajauona tu, wakiuona wataupenda. Naheshimu imani hiyo, lakini ushahidi unaikataa. Watu wameuona. Klipu za wachezaji wakiruka na kujitupa zimekuwa zikiingia katika orodha za matukio kumi bora ya ESPN kwa miaka mingi, na mwaka 2013 chama cha Marekani kilianza kurusha mashindano yake makubwa kupitia kituo hichohicho. Mtandaoni klipu zinasambaa bila kusukumwa. Mtu anaitazama mara tatu, anamtumia rafiki, anaendelea na maisha yake. Hakujua nani alikuwa anaongoza. Hakujua timu gani ingeaga mashindano kama kisahani kile kingeanguka. Hakujua jina la aliyeruka, na hakuona sababu ya kulitafuta.

Umaarufu wa mchezo wa kutazamwa unaanzia kwenye maumivu. Mtu aliyekaa jukwaani au mbele ya runinga lazima awe na kitu cha kupoteza, na lazima awe mtu asiyecheza. Hicho ndicho ultimeti imekikosa, na nadhani imekikosa kwa sababu tatu au nne zinazoweza kutajwa wazi, baadhi zikiwa ndani ya uwezo wa wenye mchezo kuzibadilisha kesho.

Ya kwanza ni kwamba matokeo yanayoonekana kwenye skrini hayasemi ukweli wa mechi. Katika ultimeti ya kiwango cha juu, timu inayopokea mrusho wa kuanzisha ndiyo inayotarajiwa kufunga. Ikifunga, inarusha, na wapinzani wanapokea. Kwa hiyo 7 kwa 7 inaweza kuwa mechi ambayo hakuna lolote lililotokea bado, kila timu ikiwa imetimiza wajibu wake tu. Mechi inageuka pale timu inayolinda inaponyang'anya kisahani na kufunga yenyewe. Wenye mchezo huita hiyo kuvunja. Mechi nzima ya pointi 28 inaweza kuamuliwa na mivunjo miwili. Tenisi ina umbo hilohilo, na mtazamaji wa tenisi ameshafundishwa: mchezaji akishinda gemu iliyoanzishwa na mpinzani wake, watangazaji wanapandisha sauti, skrini inaonyesha, uwanja mzima unajua kwamba mlango umefunguka. Mtazamaji mgeni wa ultimeti anaona pointi zikifuatana kushoto na kulia mithili ya mizani, anahisi kwamba zote zina uzito sawa, na usingizi unaanza kumchukua katika dakika ambayo mchezaji aliye uwanjani moyo unamdunda kuliko wakati wowote. Tiba yake ni ya bei rahisi sana: hesabu ya mivunjo iwekwe pembeni ya matokeo, katika kila matangazo, kila dakika.

Upepo unaongeza tatizo hilo. Siku ya upepo mkali, kushambulia kuelekea unakotoka upepo ni kazi ngumu, na timu inaweza kuona ni heri irushe kisahani mbali kabisa, ikipoteze makusudi, kisha ikalinde karibu na eneo la bao la wapinzani. Kwa anayejua, huo ni uamuzi wa busara. Kwa asiyejua, ni watu wanaotupa kisahani ovyo. Upepo hauonekani kwenye kamera. Matangazo machache niliyoyaona yakiweka mshale wa upepo kwenye skrini yalibadilisha kabisa namna ya kuifuatilia mechi, na sioni kwa nini jambo hilo halijawa la lazima. Kamera yenyewe ina mtihani wake: mrusho mmoja unaweza kuvuka mita 60, ukivuta picha karibu unampoteza mdakaji, ukiirudisha nyuma kisahani cheupe kinamezwa na mawingu. Skwoshi ilikabiliwa na ugonjwa wa aina hiyo, kimpira kidogo cheusi ndani ya chumba kilichozibwa, ikajenga kuta za kioo na kubadilisha rangi ya mpira kwa ajili ya kamera. Haikuona haya kufanya hivyo.

Halafu kuna sura. Baada ya kila pointi timu inaruhusiwa kubadilisha wachezaji wote saba, na timu kubwa hufanya hivyo karibu kila mara: kundi moja la kushambulia, kundi lingine la kulinda. Ni mfumo mzuri kimbinu, unaohifadhi nguvu za watu katika mashindano ya mechi nyingi. Kwa mtazamaji ni balaa. Nyota aliyefunga bao la ajabu anatoka, na anaweza asirudi kwa dakika kumi. Sura ishirini na zaidi zinapishana, kofia zimefunika macho, na mechi inakwisha hujamshika hata mmoja. Mpira wa kikapu umejengwa juu ya watu watano ambao sura zao mtoto anazikariri. Mchezo wa wanne kwa wanne wa WFDF ungesaidia hapa kuliko watetezi wake walivyoueleza. Wao waliuuza kama njia ya kupunguza idadi ya wanamichezo katika kijiji cha Olimpiki, ilhali faida yake kubwa ni kwamba nafasi inaongezeka, kila mtu anagusa kisahani, na mtazamaji anawafahamu wote kabla ya mapumziko.

Lakini hayo yote, mivunjo, upepo, sura, yakitatuliwa bila nyumbani hayatazaa chochote.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Ultimeti kwa sehemu kubwa ya uhai wake haina kwao. Imekua kama mchezo wa mashindano ya mwisho wa wiki: timu kumi na sita au zaidi zinakusanyika mahali palipo na viwanja vingi vilivyopangwa bega kwa bega, kila timu inacheza mechi tatu kwa siku, na wanaotazama fainali ni waliotolewa asubuhi. Ni sherehe nzuri ya jamii. Urafiki unaozaliwa huko ni wa kweli, na wengi wanabaki katika mchezo kwa sababu yake. Ila mtu wa kawaida hawezi kuwa na timu. Hakuna uwanja anaoujua njia yake, hakuna siku ya juma anayoisubiri, hakuna jirani wa kumchokoza kesho yake kazini.

Kulikuwa na waliolitambua hili. Mwaka 2012 ligi ya nusu kulipwa, AUDL, ilianza Marekani kwa timu nane zenye majina ya miji, mechi za nyumbani na ugenini, tiketi mlangoni, marefa, uwanja mpana wa karibu mita 49, robo nne za dakika 12, na hesabu ya sekunde saba badala ya kumi. Kilichofuata kinafundisha sana. Bingwa wa msimu wa kwanza, Philadelphia Spinners, aliondoka mara moja na kujiunga na ligi mpya ya upinzani, MLU, iliyoanza mwaka 2013. MLU ilicheza misimu minne ikafungwa. Kati ya timu nane za mwanzo za AUDL, mbili tu, Detroit Mechanix na Indianapolis AlleyCats, ndizo zilizodumu hadi ligi ilipobadilisha jina mwaka 2024 na kuwa UFA. Mwaka 2016 timu mpya ya Dallas ilikusanya nyota wakubwa kutoka kwingine na kutwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Ubingwa huo uliandikwa kwenye vitabu, lakini mkazi wa Dallas ambaye hachezi ultimeti alipewa sababu gani ya kuusherehekea? Walionunuliwa walikuwa wageni kwake kama walivyokuwa wageni kwa mji.

Linganisha na Madison, Wisconsin. Timu ya Radicals inacheza katika uwanja wa Breese Stevens, uwanja wa zamani katikati ya mji, na kwa miaka mingi imejulikana kwa kuvuta mashabiki kuliko wapinzani wake wengi. Mwaka 2018 ilitwaa ubingwa ikiwa nyumbani. Uwanja ule unafikika kwa miguu, umezungukwa na nyumba za watu, na timu imebaki mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Ukinipa fedha za kuwekeza katika mchezo huu sitazipeleka kwenye matangazo ya taifa. Nitatafuta miji mitano ya ukubwa wa kati isiyo na timu kubwa za michezo mingine, niweke timu katikati ya mji, nisiihamishe kwa miaka kumi.

Nani atatoa fedha hizo? Hapa ndipo gofu ya kisahani, ndugu wa ultimeti ambamo mchezaji hurusha kisahani hadi kiingie kikapuni kwa mirusho michache awezavyo, inapotoa somo chungu. Ed Headrick aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California, mwaka 1975, kisha akabuni kikapu cha minyororo kinachotumika hadi leo. Mwaka 2021 bingwa Paul McBeth alisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 10 na kampuni ya Discraft. Mwaka huohuo, katika mashindano ya dunia huko Ogden, Utah, James Conrad alirusha kutoka zaidi ya mita 70 kwenye shimo la mwisho, kisahani kikaingia moja kwa moja kikapuni, akamlazimisha McBeth kuingia katika mchujo wa ziada na kumshinda. Picha hiyo ilizunguka dunia. Wengi wakatangaza kwamba mchezo umefika.

Mimi nauliza dola zile milioni 10 zilitoka wapi. Hazikutoka kwa watazamaji. Zilitoka kwa kampuni inayouza visahani kwa wachezaji, na mchezaji wa gofu ya kisahani hubeba mkoba mzima: vya mbali, vya kati, vya karibu na kikapu, vya kwenda kushoto, vya kwenda kulia, na vingine vya kufidia vilivyopotelea majini. Nyota ni tangazo la bidhaa. Watu wanatazama ili wakacheze kesho, na wakicheza wananunua. Uchumi huo unaweza kumtajirisha bingwa bila kuwapo hata mtazamaji mmoja asiyecheza. Ndiyo maana matangazo ya gofu ya kisahani yalistawi zaidi YouTube, video zilizohaririwa na kutolewa siku iliyofuata, wachezaji wenyewe wakieleza kila mrusho kwa wachezaji wenzao.

Ultimeti haina hata uchumi huo. Watu kumi na wanne wanahitaji kisahani kimoja cha gramu 175, na kisahani hicho kinadumu. Wepesi wa kuanza, ambao ndio fahari ya mchezo huu na sababu ya kuenea kwake shuleni na vyuoni, ndio unaoufanya usiwe na mfadhili wa asili. Hakuna kampuni ya vifaa itakayobeba ligi. Kwa hiyo, tofauti na gofu ya kisahani, ultimeti ikitaka fedha haina njia nyingine isipokuwa watazamaji halisi. Inaonekana kama hukumu, lakini naiona pia kama uwazi: mchezo huu hauwezi kujidanganya.

Kuna michezo iliyovuka mto huu, na haikuvuka kwa kuwa mizuri ghafla. Mwaka 1969 BBC ilitafuta kipindi cha kuonyesha uzuri wa runinga ya rangi, ikaupata katika snuka, mchezo wa mipira ya rangi juu ya meza ya kijani. Miaka 16 baadaye, watu milioni 18.5 Uingereza walikesha hadi baada ya saa sita usiku kumtazama Dennis Taylor akimshinda Steve Davis kwenye mpira mweusi wa mwisho. Snuka ilipata teknolojia iliyoufaa umbo lake, na katika miaka hiyo 16 ilijenga watu wanaojulikana kwa majina, tabia na uhasama wao. Kabaddi, mchezo wa jadi wa kukamatana, nayo ilipata ligi ya kulipwa India mwaka 2014, msimu wake wa kwanza ukatangazwa kuwa umewafikia watazamaji milioni 435. Watu husifu taa, muziki na mikeka ya rangi. Nadhani wanasahau kwamba kabaddi haikuanza sifuri: mamilioni ya Wahindi waliicheza utotoni, walikuwa na kumbukumbu yake mwilini, na kilichokosekana kilikuwa jukwaa tu.

Ultimeti ipo katikati. Ina watu wengi waliowahi kurusha kisahani ufukweni au bustanini, lakini kumbukumbu hiyo ni ya kujifurahisha, haina ushindani ndani yake. Mtu anapoambiwa kuna ligi, anatabasamu. Kulifuta tabasamu hilo kunahitaji kizazi cha watoto waliofungwa na kulia kwa ajili ya mchezo huu shuleni. Ndiyo maana naupima mustakabali wake kwa mashindano ya shule kuliko kwa mikataba ya runinga.

Sasa refa. Hoja inayorudiwa zaidi na wanaotaka mchezo ukue ni kwamba kujiamulia wenyewe ni kikwazo, kwamba hakuna mchezo mkubwa duniani unaoendeshwa kwa uungwana. Wana historia upande wao. Kandanda yenyewe ilianza hivyo: manahodha walimalizana wenyewe, baadaye kila timu ikaleta mwamuzi wake, na mwaka 1891, penalti ilipoingia, ndipo refa akawekwa rasmi ndani ya uwanja. Fedha na umati vilipokuja, uungwana ulihitaji filimbi. Kwa nini ultimeti iwe tofauti?

Napingana nao, na napingana kwa sababu za mtazamaji, si za maadili peke yake. Katika mechi za WFDF mchezaji anayeona amechezewa faulo anaitangaza mwenyewe. Mpinzani anakubali au anakataa. Wasipokubaliana, kisahani kinarudi kwa aliyekirusha na mchezo unaendelea. Wapo washauri wa mechi wanaosaidia kuona, lakini uamuzi ni wa wachezaji. Baada ya mechi kila timu inampa mpinzani alama katika mambo matano: kujua sheria, faulo na migusano, haki, mtazamo, na mawasiliano. Fikiria uzito wa hali hiyo mechi ikiwa 14 kwa 14. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka minne anaulizwa mbele ya wote, ulimgusa au hukumgusa? Na jibu lake linaweza kumaliza ndoto ya timu yake. Hakuna filimbi inayoweza kutoa tamthilia ya kiwango hicho.

Tatizo ni kwamba mtazamaji haisikii. Anaona watu wawili wamesimama, mikono inazungushwa, muda unapita, kisha kisahani kinarudishwa bila maelezo. Hiyo ndiyo inayoboa. Raga ilimvalisha refa kipaza sauti, na mazungumzo yake na waliokaa kwenye picha za marudio yamekuwa sehemu inayopendwa ya mechi. Wavalisheni wachezaji wa ultimeti vipaza sauti. Waonyesheni picha za marudio uwanjani kabla hawajajibu, ili umati uone wanachokiona. Kamera ya pembe nyingi, inayowaaibisha marefa katika michezo mingine, hapa ingewapa wachezaji nafasi ya kuonekana wakikiri. Hata AUDL, iliyoweka marefa, haikuthubutu kuufuta moyo huu kabisa. Ilibaki na kanuni ya uadilifu inayomruhusu mchezaji kutengua uamuzi wa refa uliompendelea. Ligi iliyotaka kufanana na wengine iligundua kwamba kitu chake cha pekee ni kile kisichofanana na wengine.

Kitu kingine cha pekee ambacho wenye mchezo wanakichezea ovyo ni wanawake na wanaume kucheza pamoja. Katika World Games timu ni za mchanganyiko, wanne wa jinsia moja na watatu wa nyingine, uwiano ukibadilishana, na mbinu nzima ya mechi inazunguka juu ya nani anamlinda nani. Ni nadra kukuta mchezo wa timu ambapo jambo hilo ni moyo wa ushindani na si onyesho la pembeni. AUDL ikawa ligi ya wanaume karibu peke yao, na Desemba 2017 wachezaji wengi, wakiwemo baadhi ya nyota wakubwa, wakatangaza kuisusia hadi usawa wa kijinsia uzingatiwe. Ligi za wanawake zikaanzishwa kando, PUL ikicheza msimu wake wa kwanza mwaka 2019. Nafurahi kwamba zipo. Lakini matokeo ni kwamba mchezo mdogo umegawanya watazamaji wachache mara tatu, na sura inayoonyeshwa na ligi yake inayojulikana zaidi ni ile inayofanana na kila ligi nyingine ambayo tayari ina mashabiki wake.

Kwa hiyo, je, ultimeti inaweza kuwa mchezo wa kutazamwa na umma? Si kwa ukubwa wa kandanda, wala sioni haja ya kuota hivyo. Inaweza kufika ilipo skwoshi au voliboli ya ufukweni: mchezo ambao mtu asiyeucheza anautafuta mara kadhaa kwa mwaka, anayajua majina matano, na ana timu. Nadhani itafika huko kwa timu za taifa kabla ya vilabu, kwa sababu taifa ni nyumbani ambako hakuhitaji kujengwa. Colombia iliwahi kuonyesha mfano. Mwaka 2013 ilicheza World Games mjini Cali, mbele ya watu wake wenyewe. Miaka minne baadaye huko Wrocław, Poland, ilicheza fainali dhidi ya Marekani. Australia nayo ilifika fainali mwaka 2022 huko Birmingham, Alabama, na ndiyo mwenyeji wa Olimpiki ya Brisbane mwaka 2032.

Kama WFDF lina nia ya kuomba tena nafasi, lisipeleke Brisbane mkoba wa klipu. Kuanzia sasa liwe na mechi za nyumbani na ugenini za timu za taifa za mchanganyiko: Colombia dhidi ya Marekani mjini Bogotá, Japani dhidi ya Australia mjini Melbourne, uwanja mmoja, mechi moja, tarehe moja kila mwaka, wachezaji wamevaa vipaza sauti, mivunjo na upepo vikionekana kwenye skrini. Mechi ya kwanza watakuja wachezaji na ndugu zao. Ya tatu, kama Australia imefungwa mara mbili mfululizo na Japani ileile, atakuja mtu ambaye hajawahi kurusha kisahani maishani mwake, na atakuja akiwa na kisasi.